Wakazi wa Mutoshi Mbele ya Mamlaka: Kutoka Kambi ya Kampuni hadi Baraza la Komini

Mutoshi ni jina la mgodi na la makazi yaliyokua ubavuni mwake, pembeni mwa mji wa Kolwezi, makao makuu ya mkoa wa Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Zamani mahali hapo paliitwa Ruwe. Mwanzoni mwa karne ya ishirini wapimaji wa madini wa Tanganyika Concessions, kampuni ya Mskoti Robert Williams, ambao msafara wao uliongozwa na George Grey, walikuta huko dhahabu na paladi pamoja na shaba. Ruwe ikaanza kuchimbwa kabla Union Minière du Haut-Katanga haijaundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Mji wenyewe wa Kolwezi ulikuja nyuma, mwaka 1937, kampuni hiyo ilipohitaji makao ya kusimamia migodi yake ya magharibi. Kwa hiyo mgodi ulitangulia, kambi ya wafanyakazi ikafuata, mji ukaja baadaye, na baraza la kuwawakilisha wakazi likawa la mwisho kabisa. Mtu asiyeujua mfuatano huo atashangaa kwa nini hadi leo mkazi wa Mutoshi mwenye shida ya maji, ufa ukutani au shamba lililochukuliwa huikumbuka kampuni kwanza na meya baadaye.

Kabla ya wapimaji hao, ardhi ya eneo hilo ilikuwa chini ya watawala wa Wasanga na Walunda. Shaba ilichimbwa wakati wa kiangazi, mazao yakishavunwa, ikayeyushwa katika tanuru za udongo na kumiminwa kuwa misalaba iliyosafiri mbali katika biashara. Haki ya kuchimba ilipitia kwa chifu na wazee wake, na ugomvi juu ya shimo, mto au msitu uliamuliwa barazani kwao. Utaratibu huo ulivunjwa kwa maandishi. Mwaka 1900 iliundwa Kamati Maalumu ya Katanga, iliyopewa mamlaka ya kugawa ardhi na leseni za madini katika Katanga yote, na mwaka huohuo ikakubaliana na Tanganyika Concessions juu ya utafutaji wa madini. Machifu waliendelea kuwepo, walitoza kodi kwa niaba ya serikali na walisikiliza kesi za vijijini, lakini juu ya mgodi hawakuwa tena na neno.

Makazi ya wafanyakazi yaliyofuata yalikuwa mali ya kampuni kuanzia paa hadi msingi. Miaka ya kwanza vibarua walikaa muda mfupi, wakaugua, wakafa au wakatoroka. Ilipofika 1928 Union Minière iliamua kubadili njia: mfanyakazi apewe mkataba wa miaka mitatu, aje na mke, alee watoto palepale. Watu waliajiriwa kutoka Lomami, Kasai, hata Rwanda na Burundi. Nyumba za matofali zilijengwa kwa mistari iliyonyooka. Palikuwa na zahanati, kliniki ya akina mama, shule ya wamisionari na ghala la kugawia posho kila wiki. Ni haki kusema kwamba watoto wengi waliokoka kwa sababu ya zahanati hizo. Ni haki vilevile kusema kwamba hakuna aliyeishi humo kama raia wa mji. Alikuwa mtu wa kampuni, na siku alipoachishwa kazi alipoteza na nyumba.

Aliyetawala kambi aliitwa changachanga. Mzungu huyo, msimamizi wa kambi aliyeajiriwa na kampuni, alikuwa na walinzi wake na daftari lake. Ndiye aliyegawa nyumba, aliyekagua usafi, aliyeruhusu mgeni kulala, aliyepatanisha majirani waliogombana na kusikiliza wake waliolalamikia posho. Kwa maneno ya leo, alikuwa meya, hakimu wa amani na ofisa wa afya kwa wakati mmoja. Malalamiko yalimfikia haraka, na mengi yalishughulikiwa haraka: bomba lililoziba lilizibuliwa, paa lililovuja likaezekwa upya, kwa kuwa mfanyakazi mgonjwa au mwenye hasira hakuwa na faida kwa mgodi. Urithi wa changachanga ni mzito kuliko kawaida ya vyeo vya aina hiyo. Alizoesha vizazi viwili vitatu kuamini kwamba shida ya mtaa huondolewa na mwenye mgodi, kwa hiari yake, wala si na wakazi wenyewe kwa haki yao. Kazi, makazi na utawala vilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, na mwenye kulalamikia kimoja alihatarisha vyote vitatu.

Hatari hiyo ilionekana wazi mnamo Desemba 1941. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepandisha bei za bidhaa, na wafanyakazi wa Union Minière wakagoma wakidai nyongeza ya mshahara. Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, waligoma pamoja na kukusanyika uwanjani. Tarehe 9 Desemba askari wakawafyatulia risasi. Habari za mauaji hayo zilienea katika kambi zote za ukanda wa shaba. Baada ya vita, mwaka 1946, serikali ya kikoloni iliruhusu vyama vya wafanyakazi Waafrika kwa masharti makali, na kampuni ikaanzisha mabaraza ya kazi ambamo wajumbe Waafrika walikutana na wakuu wao. Mabaraza hayo yalizungumza juu ya ubora wa unga, ukubwa wa nyumba, usafiri wa kwenda kazini na masuala ya nidhamu. Hayakuwa na uwezo wa kuamua. Hata hivyo yalikuwa mahali pa kwanza, katika miji ya shaba, ambapo mfanyakazi alisema shida za wenzake mbele ya mkubwa na maneno yake yakaandikwa.

Nje ya kambi, serikali ilikuwa na mpango wake. Amri ya 1931 iliunda vituo vya Waafrika wasiokuwa chini ya machifu wa jadi, kila kimoja kikiwa na mkuu na baraza dogo, wote wakiteuliwa au kuthibitishwa na maofisa. Mnamo 1957 ikaja sheria ya miji, na Desemba ya mwaka huo uchaguzi wa kwanza wa mabaraza ya komini, yaani manispaa za ndani ya mji, ulifanyika Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Kolwezi, pamoja na utajiri wake wote, haikuwemo katika orodha hiyo ya kwanza. Mji uliokuwa unajengwa kwa ajili ya kampuni moja haukuonekana kuhitaji washauri wa kuchaguliwa.

Uhuru wa 1960 haukubadili hali hiyo upesi. Katanga ilijitenga mwezi Julai mwaka huo, na Kolwezi ikawa ngome ya mwisho ya utengano huo hadi majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoingia mjini Januari 1963. Mwaka 1967 serikali ya Mobutu iliitaifisha Union Minière; kampuni mpya ikaja kujulikana kama Gécamines. Changachanga Mzungu aliondoka, lakini nafasi yake katika kambi, ambazo sasa ziliitwa sité, ilichukuliwa na ofisa Mkongo wa idara ya wafanyakazi. Posho, shule na hospitali ziliendelea. Upande wa serikali, komini ziligeuzwa kuwa zoni, na wakuu wa miji na wa zoni wakaitwa makamishna. Chaguzi za washauri wa zoni zilizofanywa katika miaka ya sabini na themanini, ya mwisho ikiwa 1987, zilikuwa ndani ya chama kimoja cha MPR. Mkazi alijitokeza mbele ya mamlaka ya mtaa hasa siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia njia na kuzibua mitaro. Vita viwili vya Shaba, 1977 na 1978, vilizidisha ukali. Baada ya wapiganaji wa kundi la waasi la FNLC kuiteka Kolwezi Mei 1978 na askari wa miamvuli wa Ufaransa kuwaondoa, mkutano wowote wa wakazi bila kibali ulitiliwa shaka ya uasi.

Kilichoivunja ile desturi ya kumtegemea mwenye mgodi ni kuanguka kwa mwenye mgodi. Katikati ya miaka ya themanini Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto iliporomoka. Mwaka 1992 na 1993 wimbi la chuki lililochochewa na wanasiasa wa Katanga likawafukuza maelfu ya watu wenye asili ya Kasai kutoka Kolwezi na Likasi, wakiwemo mafundi na walimu waliozaliwa palepale. Ni jeraha ambalo mji haujaliongelea vya kutosha. Katikati ya miaka hiyo ya tisini uzalishaji ulikuwa umebaki sehemu ndogo sana ya ule wa awali. Mishahara ilicheleweshwa kwa miezi mingi, posho ikakatika, na katika sité kama Mutoshi, Musonoi, Kapata na Luilu huduma zilizokuwa za kampuni zikawa hazina mwenyewe: komini haikuwahi kuzishika, na kampuni haikuweza tena kuzilipia.

Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliachishwa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi waliona kiasi walicholipwa ni kidogo mno kuliko malimbikizo ya mishahara na miaka yao ya kazi. Waliunda umoja wa waliokuwa wafanyakazi, wakaandika barua kwa serikali na kwa Benki yenyewe, wakahesabu walichodai kwa nyaraka za malipo walizokuwa wamezitunza. Umoja huo unastahili nafasi kubwa katika historia ya malalamiko ya Lualaba. Watu waliozoea kupeleka shida zao kwa ofisa wa sité walijifunza kuandika madai ya pamoja, kuchagua wasemaji na kutaja vifungu vya sheria. Ujuzi huo ulihamia baadaye kwenye kamati za mitaa.

Wakati huohuo mashimo yaliyoachwa yalipata wachimbaji wapya. Tangu mwishoni mwa miaka ya tisini vijana wasio na kazi, wastaafu na wakulima waliingia kwenye maeneo ya Gécamines kwa sururu na viroba, wakitafuta heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti. Mutoshi ilikuwa miongoni mwa maeneo yao makubwa. Sheria ya Madini ya 2002 iliwatambua wachimbaji wadogo mradi wabaki katika maeneo yaliyotengwa, na maeneo hayo yalikuwa machache na maskini. Leseni ya Mutoshi ilishikwa kwa miaka kadhaa na Anvil Mining, kisha ikaja mikononi mwa Chemaf, kampuni yenye makao Lubumbashi. Kila mwenye leseni alipobadilika, maelfu ya watu waliokuwa wakiishi au kuchimba juu ya eneo hilo walijikuta wakiitwa wavamizi.

Mukumbi ndiyo sura chungu kuliko zote katika kisa cha Mutoshi. Ilikuwa makazi ndani ya eneo hilo la leseni, yenye nyumba, kanisa na shule. Kwa mujibu wa uchunguzi wa Amnesty International na shirika la Kikongo la IBGDH, uliotolewa Septemba 2023, chifu wa mahali hapo alieleza kwamba mwaka 2015 wawakilishi watatu wa kampuni, wakiwa na polisi wawili, walimwendea kumwambia wakati wa watu wake kuondoka umefika, wakarudi tena mara kadhaa. Tarehe 7 Novemba 2016, kwa ushahidi wa wakazi waliohojiwa, askari waliyachoma moto makazi hayo. Waliojaribu kuzuia walipigwa, na mtoto msichana wa miaka miwili aliungua vibaya. Chemaf imekana kufanya kosa lolote au kuwaelekeza askari kuibomoa Mukumbi. Wakazi hawakunyamaza. Waliandamana, na mwaka 2019 kampuni ilikubali, kupitia viongozi wa mahali hapo, kutoa dola milioni 1.5. Baadhi ya waliokuwa wakazi walisema waliambulia dola 300 tu.

Katika mlolongo huo mtu anatafuta baraza la wakazi na halioni. Palikuwa na chifu aliyepewa taarifa badala ya kuombwa rai. Palikuwa na polisi, jeshi, maofisa wa mkoa na wawakilishi wa kampuni. Hapakuwa na kikao chochote cha watu waliochaguliwa ambapo mpango wa kuhamisha Mukumbi ungewekwa mezani, ukahojiwa, ukapigiwa kura, na orodha ya fidia ikabandikwa ukutani ili kila familia ione jina lake. Fidia ilipopatikana, ilitokana na maandamano. Hilo ndilo somo ambalo mitaa jirani ililishika.

Ndani ya eneo hilohilo la Mutoshi kulifanywa jaribio la namna nyingine. Kuanzia Januari 2018 Chemaf, kampuni ya biashara Trafigura, shirika la Pact na ushirika wa wachimbaji wa COMIAKOL walikubaliana kutenga sehemu ya leseni kwa ajili ya uchimbaji mdogo. Eneo lilizungushiwa uzio, watoto walizuiwa getini, kina cha mashimo kikawekewa mipaka, mashine zikaondoa udongo wa juu, na wanawake waliokuwa wakifukuzwa kwa imani kwamba huharibu bahati ya shimo wakaruhusiwa kuchimba. Wachimbaji walilalamikia jambo moja hasa: walilazimika kuuza jiwe lao kwa mnunuzi mmoja, bila uhakika wa mizani na kipimo cha ubora. Mradi ulisimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko-19, na wachimbaji wakatawanyika. Usalama wao uliboreshwa kweli na jaribio hilo. Lakini kanuni zake zilitungwa na kampuni, na zilikoma kampuni iliposimamisha mradi, kama ilivyokuwa enzi za changachanga.

Mitaa mingine ya Kolwezi ilipitia mkondo uleule kwa njia zake. Kasulo ilikuwa mtaa wa kawaida hadi 2014, mkazi mmoja alipokuta heterojeniti chini ya kiwanja chake. Muda si mrefu mahandaki yakapita chini ya vyumba vya kulala, barabara na makanisa. Mwaka 2017 serikali ya mkoa, chini ya gavana Richard Muyej, iliwahamisha wenye nyumba katika sehemu ya mtaa huo, na ukuta ukajengwa kuizunguka kwa ajili ya ununuzi wa madini na kampuni ya Congo Dongfang. Katika Sité Gécamines, katikati ya mji, mgodi wa COMMUS unaomilikiwa kwa sehemu kubwa na kampuni ya Kichina ya Zijin umepanuka tangu 2015 hadi kwenye nyumba za watu. Milipuko imepasua kuta, na familia zimeondolewa kipande kwa kipande. Huko wakazi waliunda kamati, wakawaandikia viongozi wa mkoa, wakadai fidia inayotosha kununua nyumba yenye maji na umeme kama ile waliyoiacha. Ustadi wa umoja wa waliokuwa wafanyakazi wa Gécamines unaonekana wazi katika barua za aina hiyo.

Sheria, kwa upande wake, zimekwenda mbele kwa miguu isiyolingana. Katiba ya 2006 iliitambua komini kuwa mamlaka yenye fedha na mali yake, na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaeleza viungo vyake: baraza la komini linalochaguliwa na wananchi, na kamati tendaji inayoongozwa na burgumesta. Juu yake kuna baraza la mji na meya. Kolwezi ina komini mbili, Dilala na Manika. Kwa miaka mingi baada ya sheria hiyo uchaguzi wa mabaraza haukuitishwa, na mameya na burgumesta wakawa wanateuliwa kwa amri ya Rais kutoka Kinshasa. Mkazi aliyelalamikia taka, mafuriko ya mvua au vumbi la malori alipanda ngazi kutoka kwa mkuu wa mtaa hadi kwa burgumesta, na katika ngazi zote hizo hakukutana na mtu anayehofia kura yake.

Halafu fedha zikaja kabla ya baraza. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya tarehe 9 Machi 2018 yaligawa upya mrabaha unaolipwa na kampuni: nusu kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa mkoa, asilimia 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Asilimia 15 hiyo ilikuwa imetajwa tangu 2002, ila kwa kawaida ilikwama njiani. Sasa kampuni iliagizwa kuilipa moja kwa moja. Kwa komini zilizozungukwa na migodi mikubwa ya shaba na kobalti, zilizokuwa zikiishi kwa kodi za soko na vibali, yalikuwa mabadiliko makubwa kupita kiasi. Sheria hiyo pia iliitaka kila kampuni itie sahihi mkataba wa ahadi za kijamii na jamii zinazoizunguka, na itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Kanuni za Juni 2018 zikaongeza utaratibu wa kuhamisha watu: taarifa mapema, hesabu ya mali, mashauriano na fidia kabla ya kuondolewa. Laiti kanuni hizo zingekuwepo na kufuatwa miaka miwili kabla, Mukumbi ingekuwa na silaha ya kisheria mkononi.

Bajeti ya komini, kisheria, hupitishwa na baraza lake. Pasipo baraza, mrabaha ulipangiwa matumizi na watendaji walioteuliwa, chini ya jicho la mkoa. Barabara zilijengwa, shule na zahanati zikajengwa, taa zikawekwa. Kolwezi ya miaka ya karibuni imebadilika sura. Ila swali la mtaa gani utangulie, kisima kichimbwe wapi, na kwa nini sité iliyo karibu na mgodi ibaki bila maji wakati barabara kuu inapakwa lami upya, halikuwa na mahali pa kujadiliwa mbele ya watu. Asasi za kiraia za Kolwezi zilijaribu kuziba pengo hilo kwa kudai bajeti zibandikwe hadharani na kwa kukaa katika kamati za maendeleo za mahali.

Tarehe 20 Desemba 2023, sambamba na uchaguzi wa Rais na wabunge, Wakongo walipiga kura ya washauri wa komini kwa mara ya kwanza tangu 1987. Tume ya uchaguzi iliifanya katika komini chache tu, zilizoko Kinshasa na katika miji mikuu ya mikoa. Kolwezi, kwa kuwa makao makuu ya Lualaba tangu mkoa huo ulipoundwa upya mwaka 2015, ilikuwa miongoni mwa miji iliyohusika. Chini ya sheria ya 2008, washauri wa namna hiyo ndio wanaomchagua burgumesta na msaidizi wake, wanaochagua washauri wa mji, wanaopitisha bajeti na mpango wa maendeleo wa komini, na wanaoweza kumwita burgumesta ajieleze na hata kumwondoa. Vikao vya baraza ni vya wazi, isipokuwa baraza lenyewe likiamua vinginevyo, na mkazi mwenye hoja juu ya mrabaha, ufa au mfereji anaweza kuingia, kukaa na kusikia mshauri wake anasema nini.